Bodi ya Tipa ya Zamani: Asili, Utambuzi na Ukarabati Wake

Lori la tipa ni vyombo viwili vilivyofungwa pamoja. Cha kwanza ni lori lenyewe, yaani injini, giaboksi, kabini, ekseli na chasisi, na mtengenezaji wake hujitangaza kwa herufi kubwa kwenye pua ya gari. Cha pili ni bodi pamoja na jeki inayoiinua, na hiki kwa kawaida kimekuwa kazi ya mikono mingine. Nchini Marekani, ambako tipa ya haidroliki ilikulia, kampuni kama Ford, Chevrolet, International na Mack ziliuza chasisi yenye kabini tu. Mnunuzi aliipeleka chasisi hiyo kwa mjenzi wa bodi, nayo ikavikwa sanduku la kubebea kokoto, mchanga au makaa ya mawe. Utaratibu wa namna hiyo ulifika Afrika Mashariki kwa njia ya malori ya Kiingereza, na neno tipa limetokana na Kiingereza cha Uingereza. Wamarekani wao hutumia jina jingine.

Mgawanyo huo wa kazi ndio unaofanya bodi ya zamani iwe ngumu kutambua. Hati za gari humtaja aliyeunda chasisi, na nambari ya chasisi hutoa mwaka. Bodi kwa kawaida haimo katika hati hizo. Tena chuma kinene cha bodi hudumu kuliko injini, kwa hiyo lori lilipochoka bodi ilifunguliwa na kupandishwa juu ya chasisi nyingine, pengine zaidi ya mara moja. Lori la mwaka 1955 laweza kubeba bodi iliyoanza kazi kabla ya Vita Kuu ya Pili, na jeki iliyonunuliwa baadaye kwa bei ya chakavu. Anayetaka kujua bodi ni ya nani na ya lini hana budi kuisoma yenyewe: ilivyounganishwa, inavyoinuliwa, imetengenezwa kwa chuma gani. Majibu hayohayo ndiyo yatakayomwongoza fundi wakati wa kuikarabati, kwa sababu njia iliyo salama kwa chuma cha mwaka 1935 yaweza kukiharibu kabisa chuma cha mwaka 1960.

Kabla ya injini, udongo na makaa ya mawe ya miji ya Marekani vilibebwa na mikokoteni ya farasi. Mkokoteni uliosifika kwa kazi ya barabara ulikuwa ule uliomwaga kwa chini: sakafu yake ilikuwa milango miwili iliyoshikiliwa kwa minyororo, na dereva alipoachia mnyororo milango ilifunguka, mzigo ukaanguka kati ya magurudumu. Kampuni ya Watson ya mji wa Canastota, jimbo la New York, ilijulikana kwa mikokoteni hiyo. Malori ya injini yalipoanza kuenea mwanzoni mwa karne ya 20, jambo la ajabu ni kwamba upakuaji ulirudi nyuma. Lori lilikimbia kuliko farasi, lakini likifika lilisimama huku watu wakipakua kwa sepetu. Mashine ya gharama ilikuwa inalala kazini.

Njia za kulitatua tatizo hilo zilikuwa nyingi. Iliyokuwa rahisi kuliko zote ni bodi ya mizani: sanduku liliegemezwa kwenye mhimili uliowekwa mbele kidogo ya kitovu cha uzito wa mzigo, hivyo kitasa kilipofunguliwa uzito wenyewe uliivuta bodi chini upande wa nyuma. Nyingine iliinuliwa kwa mkono, kwa mpini, gia na kamba ya waya. Mjini Saint John, New Brunswick, nchini Kanada, Robert T. Mawhinney alifunga sanduku la mbao juu ya lori bapa mwaka 1920 na kusimamisha mlingoti nyuma ya kabini. Waya ulipita kwenye kapi juu ya mlingoti ukashuka hadi upande wa mbele wa sanduku, na mwendeshaji akazungusha mpini. Mabaki ya vifaa hivi bado hupatikana. Sehemu ya chini ya kapi, au matundu manne ya boliti nyuma ya kabini yasiyo na kazi yoyote leo, huweza kuwa alama ya mlingoti uliokwisha ondolewa.

Haidroliki ndiyo iliyoshinda, na mtu anayehusishwa zaidi na ushindi huo ni Garfield Arthur Wood, aliyejulikana kama Gar Wood. Alizaliwa mwaka 1880 huko Mapleton, jimbo la Iowa, akakulia Minnesota, ambako baba yake aliendesha kivuko ziwani. Mwaka 1911 alibuni jeki ya haidroliki ya kupakulia makaa ya mawe, kisha akaanzisha kampuni mjini Detroit, penye viwanda vya magari. Fedha za jeki hizo zilimwezesha kufuata mapenzi yake ya tangu utotoni, yaani mashua. Alitwaa Kombe la Harmsworth la mbio za mashua kwa mara ya kwanza mwaka 1920, na mwaka 1932 mashua yake Miss America X, iliyosukumwa na injini nne za Packard, ilipita kilometa 200 kwa saa juu ya maji. Wamarekani wengi walimjua kwa mashua hizo. Mafundi wa malori walimjua kwa jina lililosubiwa kwenye silinda, na jina hilo lingali linasomeka chini ya bodi nyingi.

Jeki ya haidroliki hufanya kazi hivi. Gia ndogo huchota nguvu ubavuni mwa giaboksi na kuzungusha pampu. Pampu husukuma mafuta ndani ya silinda. Mafuta husukuma pistoni. Nguvu inayopatikana ni shinikizo likizidishwa kwa eneo la pistoni. Pistoni yenye kipenyo cha inchi 6 ina eneo la inchi za mraba 28 hivi, na mafuta yakiwa na shinikizo la pauni 500 kwa kila inchi ya mraba, hutoka msukumo wa karibu pauni 14,000, yaani zaidi ya tani 6. Hesabu ni nyepesi. Ugumu uko kwenye pembe. Bodi ikiwa imelala, silinda iliyolazwa chini yake husukuma karibu sambamba na chasisi, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu haielekei juu, na hapo ndipo mzigo ulipo mzito kuliko wakati wowote. Bodi ikishaanza kunyanyuka, pembe hufunguka na kazi hupungua.

Kila mjenzi alilijibu tatizo la pembe kwa namna yake, na jibu lake limebaki kuwa alama yake ya kidole. Baadhi ya jeki za mwanzo zilisimamisha silinda wima nyuma ya kabini na kuivuta bodi kwa waya na kapi. Zilikula nafasi, lakini zilivuta juu moja kwa moja tangu mwanzo. Baadaye silinda ikalazwa kati ya mihimili ya chasisi, ikisukuma mikono miwili yenye gurudumu dogo linaloviringika juu ya kipande cha chuma kilichopinda, ili mnyanyuo wa kwanza usaidiwe na mpindo huo. Wengine walitumia mikono inayofunguka kama mkasi. Silinda ndefu ya vipande vinavyochomozana, inayosukuma ukuta wa mbele, ikawa ya kawaida kwa bodi ndefu na nzito za baada ya vita. Fundi anayechungulia chini ya bodi na kuona mikono, magurudumu au mkasi tayari ameshapunguza orodha ya majina na ya miaka.

Jeki isingeenea kwa kasi ile bila barabara. Sheria ya Marekani ya mwaka 1916 ilianza kutoa fedha za serikali kuu kwa barabara za majimbo, na ile ya mwaka 1921 ikalenga mtandao wa barabara kuu zinazoungana. Katikati yake, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, malori ya jeshi yaliyobaki yaligawiwa idara za barabara za majimbo, na mengi yakahitaji bodi ya kokoto badala ya bodi ya askari. Kisha ukaja mdororo wa uchumi, na katika shida hiyo serikali iliajiri mamilioni ya watu wasio na kazi katika miradi ya umma, hasa kupitia mashirika yake ya CCC, kuanzia 1933, na WPA, kuanzia 1935. Lori dogo la tani moja na nusu lenye bodi ya yadi moja na nusu au mbili lilikuwa punda wa miradi hiyo. Bodi nyingi za zamani zinazookotwa leo mashambani na kwenye karakana za vijiji vya Marekani ni za ukubwa huo.

Ujenzi wa bodi ulishika mizizi katikati ya nchi, karibu na viwanda vya chuma na vya magari. Mji mdogo wa Galion, jimbo la Ohio, ulikuwa tayari na kiwanda cha mitambo ya kusawazishia barabara tangu 1907. Humo zikakaa pia kampuni za bodi na jeki za Galion Allsteel, Perfection na Hercules. Mji mmoja, majina matatu: si ajabu bodi zao zikafanana kiasi cha kumchanganya mtu. Anthony ilikuwa Streator, jimbo la Illinois. Marion ilichukua jina la mji wake huko Wisconsin. Mjini Milwaukee, katika jimbo hilohilo, Julius Heil, mhamiaji kutoka Ujerumani, alianzisha kampuni yake mwaka 1901 kwa kazi ya kuchomelea viungo vya reli. Mtu huyo baadaye akawa gavana wa Wisconsin, kuanzia 1939 hadi 1943, lakini kwa historia ya bodi jambo kubwa ni ile reli: kampuni yake iliingia katika kazi ya matangi na bodi za malori ikiwa na ujuzi wa kuchomelea ambao wenzake walikuwa bado wanauhofia.

Maana bodi za mwanzo, zilipotoka kwenye mbao, ziliunganishwa kwa ribiti. Pleti zilipindwa pembeni, zikatobolewa, na ribiti za moto zikagongwa safu kwa safu. Uchomeleaji wa umeme ulikuwepo, lakini kiungo kilikuwa kikavu chenye kuvunjika, kwa sababu hewa iliingia katika chuma kilichoyeyuka. Dawa yake ilikuwa kijiti kilichopakwa kifuniko kinachoungua na kukinga kiungo. Oscar Kjellberg wa Sweden, aliyeanzisha kampuni ya ESAB mwaka 1904, ndiye aliyefungua njia hiyo. Marekani ilikichukua kijiti hicho kwa wingi katika miaka ya 1920 na 1930, na katika muda huohuo safu za ribiti zikaanza kutoweka kwenye bodi za tipa. Kwa hiyo bodi yenye ribiti kila mahali kwa kawaida ni ya kabla ya katikati ya miaka ya 1930. Yenye ribiti kwenye nguzo za ubavu na mshono wa kuchomelea kwenye sakafu iko mpakani. Iliyochomelewa yote huenda ni ya baadaye, ila isisahaulike kwamba wajenzi waliotangulia katika ufundi huo waliufikia mapema kuliko wengine.

Chuma chenyewe nacho kilibadilika. Kwa zaidi ya nusu karne chuma cha kawaida cha ujenzi Marekani kilipimwa kwa kanuni iliyoitwa A7, iliyotolewa mwaka 1901. Kanuni hiyo ilijali nguvu kuliko mchanganyiko, kwa hiyo kiasi cha kaboni kiliweza kutofautiana kati ya pleti na pleti: moja hupokea mshono vizuri, ya pili hupasuka kando ya mshono uleule. Mwaka 1960 ilikuja A36, yenye masharti yanayofaa zaidi kwa uchomeleaji. Huku nyuma, mwaka 1933, kampuni ya U.S. Steel ilikuwa imetoa Cor-Ten, chuma kinachojifunika kutu yake na kuliwa polepole, na katika miaka ya 1950 kampuni hiyohiyo ikatoa T-1, chuma kilichopozwa ghafla na kupashwa tena ili kiwe na nguvu karibu mara tatu ya chuma cha kawaida. T-1 iliruhusu pleti nyembamba na bodi nyepesi, ikapendwa na wabeba mawe. Mwaka 1974 chuma kigumu cha Hardox, ambacho leo ni cha SSAB ya Sweden, kikaingia sokoni, na kuanzia hapo bodi ya mawe ikawa habari ya ugumu wa uso zaidi kuliko unene.

Utambuzi huanzia kwenye kibati cha jina. Mahali pake pa kawaida ni ukuta wa mbele, upande wa dereva, au kwenye muhimili mrefu wa chini. Juu yake huwa kumechapwa jina, aina na nambari. Mara nyingi kimeng'oka, na kilichobaki ni matundu mawili au manne madogo. Umbali kati ya matundu hayo haufai kupuuzwa, kwa sababu unaweza kulinganishwa na kibati kizima kwenye bodi nyingine. Kinachofuata ni chuma cha kusubu: kichwa cha silinda, ganda la pampu, mabano ya bawaba za nyuma. Herufi zilizotoka kwenye kalibu hazing'oki. Zikifunikwa na grisi ya miaka hamsini, brashi ya waya na mafuta ya taa huzitoa. Tahadhari moja: jina lililo kwenye silinda ni la mtengenezaji wa jeki, wala si lazima liwe la mtengenezaji wa bodi, kwa kuwa vyombo hivi viwili pia viliuzwa mbalimbali.

Majina yakikosekana, umbo ndilo hutoa ushahidi. Nguzo za ubavu zaweza kuwa chuma cha pembe, mfereji uliofunikwa kuwa sanduku, au mkunjo uliogandamizwa kwenye pleti yenyewe. Ukingo wa juu waweza kuwa bapa au wenye mteremko wa kudondosha udongo. Mlango wa nyuma una vitasa, ndoano, minyororo na mpini wa dereva, na vyote hivyo vilichorwa na mtu mmoja kwa mazoea yake. Mlango wa mjenzi mmoja hurudia michoro ileile kwa miaka mingi, hata bodi nyingine ikibadilika. Kwa maoni ya waliozoea kazi hii, mlango wa nyuma husema ukweli kuliko rangi, kuliko hati na kuliko kumbukumbu ya muuzaji.

Vipimo hukamilisha picha. Ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo cha ndani kwa futi, kisha kugawanya kwa 27 ili kupata yadi za ujazo. Bodi ya futi 8 kwa 6 yenye kimo cha futi 1 ina futi za ujazo 48, karibu yadi 1.8, na kokoto za kuijaza zina uzito wa zaidi ya tani 2 kidogo: ndiyo ile ya miradi ya miaka ya 1930. Ya futi 10 kwa 7 yenye kimo cha futi 2 ina futi 140, yadi zaidi ya 5, na kokoto zake hupita tani 6. Pia hupimwa umbali kutoka nyuma ya kabini hadi katikati ya ekseli ya nyuma. Umbali wa inchi 60 ulichukua bodi ya futi 8 au 9. Wa inchi 84 ulichukua ya futi 10 au 11. Bodi isiyolingana na umbali huo, inayoning'inia nyuma mno au kuacha pengo nyuma ya kabini, haikuzaliwa na chasisi iliyo chini yake.

Kimo cha ubavu hudanganya. Wenye malori walizoea kuongeza mbao juu ya kuta, na baadaye wengine wakachomelea pleti badala ya mbao. Ile bodi ndogo ikiongezwa futi moja, mzigo huongezeka maradufu na kupita tani 4, ilhali mataruma ya chini yanayobeba sakafu, bawaba na jeki vilihesabiwa kwa nusu ya hapo. Mshono wa mlalo unaozunguka kuta zote kwa kimo kimoja ndio dalili. Nyufa kwenye bawaba na sakafu iliyobonyea katikati ya mataruma kama mawimbi ndiyo matokeo.

Adui mwingine wa bodi za Marekani ni chumvi. New Hampshire ilianza kujaribu chumvi kwenye barabara zake za baridi mwaka 1938, na katika majira ya baridi ya 1941 na 1942 ikaifanya kuwa utaratibu wa kudumu. Majimbo mengine ya kaskazini yaliifuata baada ya vita. Tipa iliyobeba kokoto wakati wa joto ndiyo iliyobeba na kumwaga chumvi wakati wa theluji. Chumvi yenye unyevu ilijikusanya pasipofika ufagio: kwenye pembe za ukuta wa mbele, miguuni pa nguzo za ubavu, ukingo wa chini wa mlango wa nyuma, na hasa kati ya sakafu na mihimili mirefu. Kutu huvimba kadiri inavyokua. Ikiwa kati ya pleti mbili, huzisukuma zitengane hadi ribiti zikatike vichwa bila kuguswa na mzigo wowote.

Ukarabati huanza kwa kuinua bodi na kuikinga isishuke. Jeki ya zamani haiaminiki hata ikiwa imesimama imara kwa saa nzima. Mpira mmoja ukipasuka, bodi huanguka kwa uzito wake wote. Bodi nyingi za zamani hazikuja na nguzo ya usalama. Kwa hiyo fundi hutengeneza ya chuma kizito, inayosimama juu ya chasisi na kuingia kwenye taruma ili isiteleze, na haingii chini ya bodi kabla ya uzito kuishukia. Watu wamekufa kwa kuharakisha hatua hii. Rangi nayo ina hatari yake, kwani rangi nyingi za wakati huo zilikuwa na risasi, na vumbi la grainda na moshi wa gesi ya kukatia huiingiza mapafuni.

Baada ya kusafisha hupimwa unene. Nyundo ndogo hutosha kwa duru ya kwanza: pleti nzima hulia, iliyooza hujibu kwa sauti ya kitu kilichokufa. Kisha hutobolewa tundu dogo, au hutumiwa kipimo cha mawimbi ya sauti. Sakafu iliyoanza na unene wa inchi moja ya nne, takriban milimita 6, ikipungua kufikia nusu haifai kuwekewa kiraka, yafaa kubadilishwa. Desturi ya kulaza pleti mpya juu ya sakafu kuukuu imeenea kwa sababu ni ya haraka, lakini hufungia unyevu katikati na kuongeza uzito ambao jeki haikupangiwa. Njia bora ni kukata hadi kwenye chuma kizima, kipande kipya kianzie katikati ya taruma moja na kuishia katikati ya taruma jingine, ili mishono yote iwe na kitu cha kuegemea. Pembe za kiraka huviringwa. Pembe kali hukusanya mkazo, na ufa mpya huanzia hapohapo.

Kabla ya kuchomelea hutenganishwa betri, na kishikio cha waya wa kurudishia umeme hufungwa karibu na mshono. Kikifungwa mbali, kwa mfano kwenye chasisi wakati mshono uko kwenye bodi, umeme hupita kwenye pini za bawaba na kwenye silinda, na huacha vidonda juu ya nyuso zilizosuguliwa. Kwa chuma cha zama za A7 hutumiwa vijiti vyenye haidrojeni kidogo, vilivyotunzwa vikavu, na mshono wa majaribio hufanywa kwanza mahali pasipobeba mzigo. T-1 hutaka uangalifu zaidi: nguvu yake ilitokana na joto, na joto likizidi huiondoa. Kuinyoosha kwa moto mwekundu, kama ilivyo desturi kwa ubavu wa chuma laini, ni kuigeuza kuwa chuma cha kawaida chembamba. Bodi ya ribiti nayo haipendezwi na mshono uliopita juu ya vichwa vya ribiti. Mshono hushika mzigo wote peke yake, ribiti zikabaki za mapambo, na ufa hufuata. Ribiti iliyokatika hubadilishwa kwa ribiti, au kwa boliti ngumu iliyokaa bila kucheza kwenye tundu lililosafishwa.

Kati ya mihimili mirefu ya bodi na chasisi wajenzi waliweka mbao ngumu, mara nyingi mwaloni. Ubao huo hugawanya mzigo, hunyonya mshtuko na kuzuia chuma kisisugue chuma. Ukioza, bodi huanza kugonga kwenye nukta chache, na chasisi hupasuka hapo. Hubadilishwa mzima mzima, na hufungwa kwa boliti zinazokumbatia chasisi, bila kutoboa kingo zake za juu na za chini, maana kingo hizo ndizo zinazobeba mkazo mkubwa. Pini na bushi za bawaba hufuata. Pini iliyolika upande mmoja huifanya bodi ipande ikiwa imepinda, na bodi iliyopinda yenye mzigo uliogandia upande mmoja ndiyo inayopindua lori.

Silinda hufunguliwa mwishoni, na ndani yake mna ushahidi mwingine wa umri. Pistoni za mwanzo ziliziba mafuta kwa vikombe vya ngozi. Pete ya mpira ya mviringo, ambayo leo iko karibu kila mahali, ilipewa hataza Marekani mwaka 1939 kwa jina la Niels Christensen, Mdenmaki aliyehamia huko mwaka 1891. Mfuo wa pete hiyo kwenye pistoni huonyesha kwamba jeki ni ya baada ya hapo, au ilichongwa upya baadaye. Vikombe vya ngozi bado vyaweza kutengenezwa kwa kulowesha ngozi na kuigandamiza kwenye kalibu, na hukaa vizuri katika silinda ambayo haikunyooka sana; mahali ambapo silinda imechongwa upya, sili za kisasa hufaa zaidi. Ufito wa pistoni wenye vishimo vya kutu hukata sili yoyote ndani ya siku chache, kwa hiyo hunolewa na kupakwa kromu upya kabla ya kurudishwa.

Mafuta hujazwa bodi ikiwa imelala, kwani yakijazwa ikiwa juu yatafurika itakaposhuka. Bodi huinuliwa na kushushwa tupu mara kadhaa ili hewa itoke, kisha huachwa juu, ikiwa na nguzo yake chini, na alama ya chaki huwekwa kwenye ufito. Alama isiposogea kwa saa kadhaa, hujaribiwa kwa nusu ya mzigo, halafu kwa mzigo kamili wa bodi kama ilivyokuwa kabla ya kuongezwa kuta. Kibati cha jina, kama kipo, hurudishwa kwenye matundu yake ya awali juu ya rangi mpya, na unene wa pleti zilizobadilishwa, aina ya chuma na mwaka wa kazi hugongwa kwa patasi za herufi ndani ya muhimili mrefu, mahali ambapo fundi atakayeinua bodi hiyo baadaye ataangalia kwanza.